Mabwawa na Matangi ya Zamani ya Tabora: Ni Urithi au ni Vyuma Chakavu?

Kwihara, kilomita chache kutoka Tabora mjini, ni jina ambalo kila mwanafunzi wa historia hulikuta mapema katika masomo yake. Hapo lipo tembe lililojengwa upya kwa ukumbusho wa David Livingstone, aliyefika huko pamoja na Henry Stanley mwezi wa Februari 1872. Stanley aliondoka tarehe 14 Machi kurudi pwani; Livingstone akabaki akingoja wapagazi hadi tarehe 25 Agosti. Walimu huwapeleka wanafunzi wao mahali hapo, nao huonyeshwa vyumba na kuelezwa habari za wasafiri hao wawili. Habari hizo ni za kweli na zafaa kujulikana. Hata hivyo, liko swali moja la msingi ambalo aghalabu halisikiki katika ziara kama hizo: watu wote waliokaa Unyanyembe wakati ule, wenyeji kwa wageni, walikuwa wanakunywa maji gani, na yalitoka wapi?

Swali hili si la mzaha. Katika karne ya 19 Unyanyembe ilikuwa njia panda ya misafara. Njia itokayo pwani ilifika hapo ikagawanyika, tawi moja likielekea Ujiji na jingine likielekea kaskazini, Karagwe na Buganda. Wapagazi walikaa majuma, pengine miezi, wakingoja mizigo, wakingoja mvua ziishe, au wakingoja vita kati ya Mirambo na watu wa Unyanyembe vitulie. Makao ya namna hiyo hayawezi kusimama mahali kwa sababu tu biashara inayataka yawe hapo. Hayana budi kukubaliwa kwanza na ardhi.

Nashikilia maoni kwamba historia ya maji ya Tabora, tangu visima vya misafara hadi matangi ya reli ya Wajerumani na mabwawa ya Waingereza, ni urithi wa taifa usiopungua thamani mbele ya tembe la Kwihara. Nashikilia pia kwamba sehemu kubwa ya urithi huo yaweza kupotea katika muda mfupi ujao, si kwa ubaya wa mtu yeyote, bali kwa sababu mji umepata maji mapya, na kitu kisichohitajika tena hakikosi kuwa na wanunuzi wa vyuma.

Tuanze na njia yenyewe. Mwaka 2006 Tanzania iliiweka njia ya kati ya biashara ya watumwa na pembe za ndovu katika orodha ya awali ya mahali panapopendekezwa kuwa Urithi wa Dunia. Vituo vilivyotajwa ni sita: Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Msomaji achukue ramani avitazame vituo hivyo kwa jicho la mtaalamu wa maji badala ya jicho la mwanahistoria. Mpwapwa ipo chini ya milima yenye vijito, nayo ilikuwa mahali pa mwisho pa kujaza vibuyu kabla ya kuingia Marenga Mkali, nyika iliyopewa jina hilo kwa ajili ya ukali wa maji yake. Kilimatinde ipo ukingoni mwa Bonde la Ufa, na kutoka sehemu zile kwenda magharibi msafiri alikabiliana na pori la Mgunda Mkali. Kuzivuka nyika hizo kulikuwa na utaratibu wake, ulioitwa tirikeza: msafara ulikunywa na kupika mchana, ukaondoka alasiri, ukatembea hadi usiku, ukalala pasipo maji, kisha ukaamka alfajiri ili uyafikie maji ya mbele kabla jua halijawa kali. Richard Burton, aliyepita njia hiyo na kufika Kazeh, yaani Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba 1857, aliliandika neno hilo kama alivyolisikia kwa wapagazi.

Kwa nini wasibebe maji ya kutosha? Hapa wanafunzi wanaweza kufanya hesabu wenyewe. Mzigo wa kawaida wa mpagazi ulikuwa frasila mbili, yaani kilo 32 hivi. Tuseme mtu atembeaye juani akiwa amebeba mzigo huo anahitaji lita 5 kwa siku. Msafara wa watu 500 utahitaji lita 2,500, na maji hayo peke yake ni mizigo ya wapagazi karibu themanini, ambao nao wanakunywa. Kwa hiyo maji hayakuweza kubebwa; ilikuwa lazima kuyafuata yalipo. Njia ya misafara tunayoiona katika ramani kama mstari wa biashara ni mstari wa visima kwanza.

Sasa tutazame ardhi ya Unyanyembe. Uwanda huu upo katika kimo cha mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari. Mvua hunyesha tangu Novemba hadi Aprili, kwa wastani pungufu kidogo ya milimita 1,000 kwa mwaka, na katika miezi inayobaki hakuna mvua ya maana. Chini ya udongo pana mwamba wa graniti. Graniti nzima haina matundu ya kuhifadhi maji, lakini sehemu yake ya juu, iliyooza kwa joto na mvua za karne nyingi, hunyonya maji kama sifongo chakavu: kidogo, polepole, na kwa kutegemea sana mahali. Maji hukaa katika tabaka hilo na katika nyufa, kisha huteremka taratibu kuelekea kwenye mbuga za udongo mweusi. Mahali ambapo mteremko unakutana na mbuga ndipo kisima kifupi chaweza kudumu kiangazi chote. Hatua mia mbili juu ya hapo, shimo la kina kilekile litakuwa kavu mwezi wa Agosti. Wanyamwezi waliyajua hayo bila kuyaandika, na makao yao yenyewe ndiyo maandishi yao. Wataalamu wa reli walipokuja baadaye na vipimo vyao walikuta wenyeji wamekwisha kuamua ni wapi panapokalika.

Reli ya Kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro mwaka 1907, Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Katika vitabu vyetu vya shule reli hiyo huelezwa kama kazi ya chuma na mataruma, na ya jasho la wafanyakazi, ambao wengi wao walikuwa Wanyamwezi waliokuwa wapagazi hapo kabla. Haielezwi vya kutosha kwamba ilikuwa pia kazi kubwa ya maji, kubwa kuliko yoyote iliyowahi kufanywa na serikali katika nyanda hizi hadi wakati ule.

Sababu yake ni ya kifizikia. Injini ya meli hurudisha mvuke wake kuwa maji na kuyatumia tena. Injini ya garimoshi haina nafasi ya kufanya hivyo. Mvuke ukishasukuma pistoni hutupwa nje kupitia dohani, na kila pumzi tuliyoizoea katika sauti ya garimoshi la zamani ilikuwa maji yanayopotea hewani. Ili kilo moja ya maji yachemkayo igeuke mvuke huhitaji kilojuli 2,260 hivi za joto. Kwa kila kilo ya makaa mazuri iliyochomwa, injini iligeuza kilo sita au saba za maji kuwa mvuke. Ni dhahiri basi kwamba injini ilikuwa na kiu ya maji kupita njaa yake ya makaa. Katika nchi yenye miezi sita ya kiangazi, mhandisi wa reli hakuweza kuuliza tu kituo kifaa wapi kwa abiria. Ilimbidi aulize tangi litajazwa na nini mwezi wa Oktoba.

Na si maji yoyote. Maji magumu, yenye chumvi za kalsiamu na magnesiamu, huacha ukoko mweupe ndani ya dishi la injini, kama ule tunaouona ndani ya birika la chai. Ukoko huo huzuia joto lisipite. Mwenye kuendesha huongeza moto, chuma cha upande wa moto hupata joto kupita kiasi, na mwisho wake ni mabomba kupasuka. Hivyo kemia ya maji ilikuwa somo la lazima kwa reli, miongo mingi kabla haijawa somo katika shule zetu. Mnara wa tangi kituoni nao ni somo: kila mita kumi za kimo huleta kanieneo ya karibu atmosfia moja, na bomba pana likifunguliwa huijaza injini kwa dakika chache bila pampu kufanya kazi wakati ule. Pampu hufanya kazi yake polepole usiku na mchana, na tangi hukopesha nguvu hiyo kwa mkupuo. Mwalimu anayetaka kueleza tofauti ya kazi na nguvu katika fizikia hana mfano bora kuliko huo.

Watu wengi, hasa wakusanyaji wa sarafu, wanajua kwamba mwaka 1916, wakati wa vita, Wajerumani waligonga sarafu za dhahabu za rupia 15 zenye picha ya tembo katika karakana ya reli huko Tabora. Zilipata takribani elfu kumi na sita, na leo huuzwa kwa bei kubwa katika minada ya Ulaya. Ni jambo la kushangaza kidogo kwamba tunalo kumbukumbu kamili la sarafu zilizotengenezwa kwa miezi michache, wakati vifaa vilivyoilisha karakana ileile maji kwa miongo mingi havina hata kibao.

Kazi nyingine ya wakati huo ilibaki katika karatasi, nayo ndiyo inayonivutia kuliko zote. Kabla ya vita vya 1914 Wajerumani walikuwa na wazo la kuchukua maji ya Nyanza na kuyapeleka kusini hadi nyika ya Wembere, ili kumwagilia mashamba ya pamba. Nyika hiyo ipo chini kuliko uso wa ziwa, kwa hiyo maji yangeweza kuteremka yenyewe kama mfereji ungepita katika nchi iliyoinuka kati yake. Vita vilikatiza mpango huo. Chini ya Waingereza mambo yakageuka: mapatano ya mwaka 1929 kati ya Uingereza na Misri yaliizuia kazi yoyote ya namna hiyo katika maziwa ya Nile yaliyokuwa chini ya utawala wa Uingereza, isipokuwa kwa ridhaa ya Misri. Tanganyika huru ilitangaza mwaka 1962 kwamba haifungwi na mapatano hayo. Zaidi ya miaka arobaini baada ya tangazo hilo, bomba lilianza kuyatoa maji ya ziwa Ihelele, mkoani Mwanza, kwenda Shinyanga na Kahama. Na baadaye tawi lake kutoka Solwa likafika Nzega, Igunga na Tabora, kwa mkopo kutoka India. Igunga ipo jirani na Wembere. Wazo lililochorwa kwa ajili ya pamba ya mkoloni limetimizwa kwa ajili ya ndoo za wananchi. Mwanafunzi asiyezijua karatasi za kwanza ataiona kazi hii kuwa bomba refu tu.

Habari za karatasi zinanileta kwa Clement Gillman. Alizaliwa Madrid mwaka 1882, akaja Afrika Mashariki mwaka 1905 kufanya kazi katika ujenzi wa Reli ya Kati, akaendelea na reli wakati wa Waingereza hadi akawa mhandisi wake mkuu, na mwishoni akawa mshauri wa maji wa serikali ya Tanganyika. Ripoti yake ya maji ilitoka mwaka 1940. Alifariki mwaka 1946. Kabla ya ripoti hiyo, mwaka 1936, alichapisha ramani ya wakazi wa Tanganyika. Aliweka alama za watu katika ramani na kukuta kwamba karibu thuluthi mbili ya nchi ilikuwa haina wakazi, huku wengi wa watu wakiwa wamejikusanya katika sehemu ndogo zenye maji ya kudumu. Maafisa wa wakati wake walizoea kueleza mapori matupu kwa sababu za tabia za watu. Gillman aliyaeleza kwa maji, pamoja na mbung'o. Alikuwa mtumishi wa ukoloni, na hakuna haja ya kumfanya kuwa kitu kingine. Lakini miaka thelathini ya kutafuta maji ya injini ilimfundisha kusoma ardhi kama wapagazi walivyoisoma kwa miguu. Shajara zake zimehifadhiwa Oxford. Ni jambo jema kwamba zimehifadhiwa, na ni jambo la kutufikirisha kwamba mwalimu wa Tabora anayetaka kuzisoma asilia hana budi kupata viza.

Maji ya injini ni sehemu moja ya habari. Maji ya watu ni nyingine, na hapa lazima tuseme ukweli usiopendeza. Mwaka 1892 kipindupindu kiliingia Hamburg, mji uliokuwa ukinywa maji ya mto Elbe bila kuyachuja, kikaua watu zaidi ya 8,000. Altona, mji jirani uliochota maji ya mto huohuo tena chini zaidi, baada ya uchafu wa Hamburg kuingia, ulinusurika kwa kiasi kikubwa kwa sababu maji yake yalipitishwa polepole katika vitanda vya mchanga. Robert Koch aliufanya mfano huo ujulikane duniani kote. Koch huyohuyo alifanya kazi ya utafiti Afrika Mashariki mwaka 1897 na 1898, na tena mwaka 1906 na 1907. Kwa hiyo ujuzi wa kusafisha maji ya mji ulikuwapo, na waliotawala walikuwa nao mkononi. Pwani yetu nayo haikuwa imekaa kusubiri kufundishwa: Sultani Barghash, aliyetawala mwaka 1870 hadi 1888, alikwisha kuleta maji ya chemchemi katika mji wa Unguja kwa mfereji na mabomba, baada ya kipindupindu cha mwaka 1869 na 1870 kuuangamiza umma.

Lakini katika miji ya Tanganyika ujuzi huo uligawanywa kama ulivyogawanywa mji. Mabomba yaliingia kwanza katika nyumba za Wazungu, katika boma, kambi, stesheni na hospitali; mitaa ya Waafrika ilipata bomba la barabarani, nalo kwa kuchelewa. Mtu akiichukua ramani ya mabomba ya mji wowote wa kikoloni anaweza kuisoma siasa ya mji huo bila kufungua kitabu: kipenyo cha bomba hupungua kadiri linavyoelekea upande wa wananchi. Hii ni sababu mojawapo ya kuzihifadhi ramani hizo. Maneno ya mtawala yaweza kupambwa. Inchi za bomba hazipambiki.

Tabora ya wakati wa Waingereza ilikuja kutegemea mabwawa mawili, Kazima na Igombe, nayo yakaendelea kuuhudumia mji kwa miongo mingi baada ya Uhuru. Bwawa la udongo huonekana kuwa kitu rahisi, tuta na maji nyuma yake. Ili tuone ugumu wake, tuchukue bwawa la kubuni, lisilo Igombe wala Kazima, lenye eneo la kukusanyia maji la kilomita za mraba 100. Mvua ya milimita 900 ikinyesha hapo ni mita za ujazo milioni 90. Katika nchi tambarare ya miombo sehemu kubwa ya maji hayo hunywewa na udongo na miti. Tuseme moja ya kumi hufika bwawani, yaani milioni 9. Uso wa bwawa ukiwa kilomita za mraba 2, na jua likinyonya mita 1.8 kwa mwaka, tunapoteza milioni 3.6. Zinabaki milioni 5.4, yaani mita za ujazo karibu 14,800 kwa siku. Mji unafurahi.

Sasa tubadili namba moja tu. Badala ya moja ya kumi, ifike bwawani moja ya ishirini. Zinaingia milioni 4.5, jua, ambalo halijui habari za upungufu, linachukua milioni 3.6 zake, tukiacha kwamba uso wa maji nao husinyaa kidogo. Inabaki milioni 0.9, yaani chini ya mita za ujazo 2,500 kwa siku. Maji yaliyoingia yamepungua nusu, lakini maji ya mji yamepungua mara sita. Ndiyo maana mji unaotegemea bwawa waweza kuonekana salama kwa miaka kumi na kisha ukaanza kupanga foleni za ndoo katika mwaka mmoja.

Je, ni moja ya kumi au moja ya ishirini? Hakuna kitabu kitakachotujibu kwa Igombe au kwa Kazima. Linalojibu ni daftari: kina cha maji kilichosomwa kila siku kwenye kipimo, mvua iliyopimwa, saa za pampu, mashapo yaliyotolewa. Ukoloni ulijenga kwa maslahi yake, lakini wasomaji wa vipimo, ambao aghalabu walikuwa Waafrika wasiotajwa majina, waliacha nyuma namba ambazo hazinunuliki kwa fedha yoyote, maana hakuna mradi uwezao kurudi nyuma ukapime kiangazi kilichopita. Nionavyo mimi, kati ya vyote tunavyoweza kuviita urithi wa maji, cha kuokolewa kwanza ni madaftari na michoro, kisha mabwawa yenyewe, na mwisho kabisa matangi na pampu. Watu wengi hufuata utaratibu wa kinyume, kwa sababu chuma huonekana na karatasi haionekani.

Wapo watakaosema kwamba haya ni mabaki ya mkoloni na yaachwe yaoze. Kwao naweza kusema tu kwamba tuta lilipandishwa na mikono ya watu wa hapa, na kulitupa ni kuwatupa hao kwanza. Nawaogopa zaidi wale wa upande wa pili, wanaosimama mbele ya tangi la zamani na kusema, tazama, Mjerumani alijua kujenga, kazi za siku hizi hazidumu. Hilo ni kosa la kisayansi, na wanafunzi wafundishwe kulitambua. Tunaliona tangi lililodumu. Hatuyaoni yaliyotoboka, visima vilivyokauka, na matuta yaliyosombwa na mvua ya mwaka wa tatu, kwa sababu hayapo tena. Mwenye kuhesabu waliopona peke yao daima atasema ugonjwa hauui. Isitoshe, kazi iliyojengwa kuwatosha watu elfu chache itadumu muda mrefu kuliko ile inayotakiwa kuwatosha laki kadhaa.

Wengine watauliza faida yake sasa, maji ya ziwa yakiwa yamekwisha kufika. John Speke aliondoka Kazeh tarehe 9 Julai 1858 na kuliona ziwa tarehe 3 Agosti, mwendo wa siku 25. Maji ya ziwa hilo leo huipita nchi ileile kwa bomba, na ni ushindi ambao hakuna mwenye haki ya kuubeza. Lakini uso wa ziwa upo mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na Tabora ipo karibu mita 1,200. Kuinua mita moja ya ujazo kwa tofauti hiyo ya mita 66 huhitaji kilojuli 650 hivi, kabla ya kuhesabu msuguano wa bomba refu na vilima vya njiani. Kwa mita za ujazo 10,000 tu kwa siku ni uniti 1,800 za umeme, na hicho ni kiwango cha chini kisichowezekana kufikiwa. Maji hayo yanakuja maadamu umeme upo, pampu ni nzima na bomba halijapasuka mahali popote kati ya Ihelele na Tabora. Kazima na Igombe yapo hapahapa. Mji wenye busara hauziachi akiba zake zijae tope kwa sababu mwaka huu umepata mshahara.

Sheria yetu nayo yahitaji kutazamwa. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hulinda moja kwa moja majengo na vitu vya kabla ya mwaka 1863; vya baadaye hulindwa ikiwa tu Waziri atavitangaza. Mwaka huo ulichaguliwa kwa nia njema, lakini matokeo yake ni kwamba kila bomba, kila tangi na kila tuta la wakati wa ukoloni lipo nje ya mlango hadi mtu aliombee. Pale injini za mvuke zilipoachwa katika Reli ya Kati, minara ya maji iliacha kuwa na kazi siku hiyohiyo, na hakukuwa na mtu ambaye wajibu wake ulikuwa kuiombea.

Napendekeza basi mambo yanayowezekana. Kumbukumbu ya Kwihara ipewe chumba cha maji, ndani yake pawe na ramani ya njia ya misafara iliyochorwa kwa visima, mchoro wa Wembere, ramani ya Gillman, na ramani ya mabomba ya Tabora yenye vipenyo vyake. Mamlaka ya maji na shirika la reli zikabidhi nakala za michoro na madaftari yao kwa Nyaraka za Taifa kabla ofisi hazijahamishwa wala kupakwa rangi, maana ni katika siku za kupaka rangi ndipo karatasi hutupwa. Mnara mmoja wa tangi la reli, angalau mmoja kati ya Dodoma na Tabora, utangazwe kuwa kumbukumbu kwa mujibu wa sheria, pamoja na pampu yake ikiwa bado ipo.

Na shule zisisubiri. Tabora ina shule za sekondari za kutosha, zikiwamo Tabora Wavulana, Tabora Wasichana na Milambo. Darasa moja la jiografia laweza kwenda Kazima mwishoni mwa Oktoba, kabla ya mvua ya kwanza, na tena mwishoni mwa Aprili, kusoma kina cha maji mahali palepale kila mwaka na kukiandika pamoja na mvua ya msimu. Jingine laweza kuwauliza wazee wa Kwihara ni visima gani vilivyokuwa havikauki, na kuvitia katika ramani pamoja na majina yake. Wastaafu wa reli waliowahi kujaza matangi ya injini wamebaki wachache, nao waulizwe kwanza. Vinavyohitajika ni kamba yenye alama za mita, chombo cha kupimia mvua, na daftari moja lenye jalada gumu litakalokabidhiwa na kidato kinachoondoka kwa kidato kinachoingia.